Maji Hayagawanywi Kama Juzuu

Wanangu wa chumba cha kompyuta,

Barua yenu aliileta Rukia, binti wa ndugu yangu, akitoka kazini, na nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza kwa furaha kwamba bado nakumbukwa. Mara ya pili kwa miwani. Mara ya tatu kwa uchovu, maana nimeona mnaniuliza jambo nililowahi kuulizwa zamani, nami nikalijibu vibaya.

Mnataka kuihamishia programu ya maji kwenye mashine mpya yenye prosesa maelfu, na mnataka nije ofisini niwaeleze mle ndani mna nini. Kuja siwezi. Ngazi za nyumba yetu hapa Kibokoni ni ishirini na mbili, na magoti yangu yanazijua moja moja. Basi nitaandika. Naandika baada ya sala ya alasiri mpaka macho yakatae, kwa hiyo mkiona mahali nimeruka, jueni hapo nililala.

Nianze na kazi ya programu yenyewe, kwa sababu nashuku mmeirithi bila mtu kuwaambia. Meli kubwa ikija bandarini kwetu, nahodha wake hajui mkondo. Rubani hutoka na boti, akapanda ngazi ya kamba, akasimama kando ya nahodha na kumwelekeza, geuka hapa, punguza pale, mpaka gatini. Rubani huyo lazima ajue ni saa ngapi maji yatakuwa na kina cha kutosha katika kila sehemu ya mkondo, hasa kwenye kona nyembamba, ambako tumbo la meli na mchanga wa chini hukaribiana. Vitabu vya maji kujaa na kupwa vipo tangu zamani, lakini kitabu hakijui upepo wa wiki hii wala mchanga uliosogea mwezi uliopita. Programu yetu inajua, kwa kuwa tunaiambia. Inatoa karatasi moja: mahali, saa, kina. Karatasi hiyo ndiyo kazi yote.

Aliyeiandika ni Mzee Katana, mtu wa Rabai, Mkristo wa kwenda kanisani Jumapili mara mbili, aliyejifunza kompyuta enzi za kadi za kutoboa. Aliiandika kwa Fortran, lugha ya kompyuta ya enzi hizo, na majina yote mnayoyaona mle ni ya herufi sita au pungufu kwa sababu enzi hizo herufi ya saba haikuruhusiwa. Msimcheke. Mimi nilimcheka, na nitawaeleza ilinigharimu nini.

Niliingia ofisini nikiwa na elimu ya chuo na elimu ya madrasa, na ya pili ndiyo iliyonifaa zaidi, maana ilinifundisha kukaa chini na kurudia. Katika mwezi wangu wa kwanza niliona mstari mmoja ulioandika sifuri mahali palipokuwa na sifuri tayari. Nikaufuta. Nilijiona kama mtu aliyefagia nyumba. Kesho yake karatasi ikatoka ikionyesha kwamba bahari imepanda mpaka juu ya paa za Mji wa Kale.

Mzee Katana aliisoma akaiweka mezani kwangu. "Bi Zuhura," akasema, "naona mji mzima umezama. Wewe umekuja kwa miguu au umeogelea?"

Ofisi nzima ikacheka. Nikaomba msamaha. Alipoona nimetahayari akavuta kiti.

"Mstari usiofanya kazi haupo," akaniambia. "Upo mstari usioujua unamngojea nani. Kabla hujaufuta, uulize."

Kumbe sifuri ile ilikuwa ya siku ya kwanza tu. Kuanzia siku ya pili mahali pale palikuwa na namba ya jana, na mstari ule ndio ulioifuta. Katika miaka yote tuliyofanya kazi pamoja, alirudia neno hilo kwa namna mia: nani anamngojea nani. Pia alinifundisha kuzifunga karatasi zote za zamani kwa uzi na kuziweka kabatini kwa miezi. Nilidhani ni tabia ya mtu asiyependa kutupa vitu.

*

Sasa niwaeleze habari ya khitma, na wale kati yenu wasiokuwa Waislamu wanivumilie, hawatapotea.

Mtu akifa kwetu, watu hukutana kumsomea Qur'ani yote. Qur'ani ina juzuu thelathini, na kila juzuu imejalidiwa kama kijitabu chake. Hatuzisomi kwa zamu. Tunagawana, kila mtu moja, na wote tunasoma kwa pamoja, kila mmoja juzuu yake kwa sauti yake ya chini, mpaka chumba kinavuma kama mzinga wa nyuki. Kazi ambayo mtu mmoja angeifanya kutwa nzima inakwisha chini ya saa moja. Aliyemaliza anaifunga juzuu yake, anairudisha, anakunywa kahawa. Zikirudi zote thelathini, inaombwa dua.

Mama yangu alipofariki, Mwenyezi Mungu amrehemu, kazi ya kugawa juzuu kwa wanawake ilikuwa yangu. Nilikuwa na majonzi, sikuwa makini. Bi Mwanaisha, jirani yetu, alimaliza juzuu yake akairudisha juu ya rundo la zile ambazo hazijasomwa, na mwanamke mwingine aliyechelewa kuingia akaichukua, akaisoma tena. Hivyo juzuu ya kumi na saba ilisomwa mara mbili, na ya ishirini na tatu ikabaki chini kabisa ya rundo haijaguswa na mtu. Tuliigundua shehe ameshainua mikono.

"Mamako alikuwa mtu wa kupenda kitu kamili," Bi Mwanaisha alinong'ona. "Atatuudhikia huko aliko."

Ikabidi niisome peke yangu mbele ya watu wote wakinisubiri, huku kahawa ikipoa. Tangu siku hiyo naweka makapu mawili: la zisizosomwa na la zilizosomwa. Halijatokea kosa tena. Nilijivunia sana makapu yale. Kiburi changu chote cha baadaye kilitoka humo.

Mzee Katana alikuja matangani siku ile, akakaa chini na wanaume kwenye baraza. Aliusikia ule mvumo wa wanawake ukitoka madirishani juu. Muikumbuke habari hiyo.

*

Mashine ya zamani ilichukua saa tatu kutoa karatasi moja. Siku upepo ukibadilika asubuhi, karatasi ilitoka imeshachakaa. Kwa hiyo meneja wetu wa wakati huo, kijana mwenye juhudi, alipoleta mashine yenye prosesa kumi na sita, vichwa kumi na sita vya kuhesabu, ndani ya sanduku moja, nilimshukuru Mungu kwa dhati. Shida ni kwamba programu ya Mzee Katana haikujua habari ya prosesa kumi na sita. Iliandikwa kwa mashine yenye prosesa moja, ifanye hili, kisha lile, kisha lile. Katika sanduku jipya, moja ilitoka jasho na kumi na tano zikakaa kutazama.

Kazi ya kuigawa nilipewa mimi, na Mzee Katana alikuwa anastaafu mwezi uleule. Siku ya mwisho, kofia ameshaivaa, alinisimamisha mlangoni.

"Mzunguko wa ndani usiugawe kabla hujaniuliza," alisema.

"Mzee," nikamjibu, "mashine za siku hizi si kama zile zenu."

Akacheka kidogo, akaitengeneza kofia, akaenda zake. Sikumpigia simu karibu mwaka mzima.

Programu imeugawanya mkondo katika viraba, kama mkeka uliotandikwa juu ya maji kutoka mlangoni mwa bahari mpaka ndani. Kila kiraba kina namba moja, urefu wa maji yake. Mzunguko wa ndani unapita kiraba kwa kiraba: kila kimoja kinawauliza jirani zake wanne maji yao yako wapi, kinajirekebisha, kisha zamu inakwenda kwa kinachofuata. Vikifika mwisho vinaanza tena, na tena, mpaka ifike raundi ambayo hakuna kiraba kinachobadilika. Hapo maji yametulia, na karatasi inatoka.

Nami nikaona khitma. Nikaukata mkeka vipande kumi na sita, kila prosesa nikaipa kipande chake, nikaweka makapu yangu mawili ili kipande kimoja kisichukuliwe na wawili. Prosesa iliyoona kipande chake kimetulia ilikirudisha na kupumzika. Vipande vyote vikirudi, karatasi inachapwa. Kazi hiyo ilinichukua karibu mwaka, na saa tatu zikawa dakika kumi na mbili. Meneja aliagiza sambusa. Mashine ya zamani ikabebwa ikawekwa varanda ya nyuma chini ya turubai.

Je, sikuipima? Niliipima. Niliilinganisha na karatasi moja ya Mzee Katana. Mlangoni mwa bahari namba zililingana. Kwenye kona zilipishana kwa upana wa kidole. Na hapa, wanangu, ndipo elimu iliponiponza. Mnajua kwamba ukijumlisha namba nyingi kwa mpangilio mmoja, kisha ukazijumlisha kwa mpangilio mwingine, tarakimu ya mwisho kabisa inaweza kupishana, kwa kuwa mashine inakata kidogo kila hatua. Hilo ni kweli na halina lawama. Lakini hiyo ni tarakimu ya mwisho, ndogo kuliko unywele. Mimi nilikuwa na kidole kizima, nikakifunika kwa shuka hiyohiyo. Nikaandika katika ripoti: tofauti ya mpangilio wa kujumlisha. Nikatia sahihi.

Tena niliiendesha mara moja tu. Mara moja.

*

Ndugu yangu Athmani alikuwa rubani. Tuliishi nyumba hii hii, yeye chini na mkewe, mimi juu. Kila siku ya meli alipanda ngazi akirudi, akasema maneno mawili kabla ya salamu: "Maji yalikuwepo." Maana yake karatasi ilisema kweli. Tulikuwa na desturi hiyo kwa miaka mingi, na sikuwahi kufikiri kwamba siku moja anaweza kusema neno jingine.

Jumanne ya wiki iliyofuata ile ya sambusa alipanda mchana kula kwangu, akaweka karatasi mbili juu ya kitambaa cha meza.

"Da Zuhura, hizi ni za siku moja?"

"Ni za Alhamisi zote mbili. Moja yako, moja ya mnarani kwa wanaopanga zamu za meli. Kula, samaki anapoa."

"Umezitoa wewe?"

"Kwa mkono wangu, jana, moja baada ya nyingine."

"Basi nisomee hapa kwenye kona, saa tatu asubuhi."

Nikavaa miwani. Karatasi yake ilisema saa tatu kina kinatosha. Ya mnarani ilisema hakitoshi. Zilipishana kwa shibiri nzima na zaidi.

Nilielewa palepale kosa moja dogo: kila nilipobonyeza kuchapa, programu ilihesabu upya. Lakini kosa hilo dogo ndilo lililolifichua kubwa, kwa sababu hesabu ileile, upepo uleule, mchanga uleule, haina ruhusa ya kutoa majibu mawili.

"Meli ya Alhamisi ni nzito, imekaa chini sana," Athmani akasema. Hakuwa na hasira. Alikuwa anachambua mwiba wa samaki. "Hiyo shibiri ndiyo yote niliyo nayo chini ya meli. Niende na karatasi ipi?"

"Usiende na yoyote," nikamwambia. "Nipe mpaka kesho."

"Kesho ni Jumatano."

"Najua kesho ni siku gani, Athmani."

Nilirudi ofisini nikaiendesha mara tano. Nikapata majibu matano. Nikakaa nikakitazama kioo. Kabati la karatasi za Mzee Katana lilikuwa nyuma yangu, na niliona aibu kugeuka. Kisha nikampigia simu. Alipokea binti yake wa Voi, aliyekuwa na simu ya babake kwa ajili ya kutengenezwa. Baba yuko Mombasa, akasema, yuko Mwembe Tayari anangoja basi la saa kumi aje huku.

Nikachukua tuktuk.

*

Nilimkuta kwenye hoteli ya chai nyuma ya mabasi, anacheza dama na mchukuzi mmoja wa mizigo. Kete zilikuwa vifuniko vya soda, vya chungwa na vyeusi, na ubao umechorwa kwa mkono.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, Bi Zuhura. Mashine za siku hizi zimenitumia salamu?"

"Zimenitia aibu, Mzee. Nimekuja kukuomba msamaha, na kukuuliza nilichopaswa kukuuliza mwaka jana."

"Mama, mzee wako amefungwa mara tatu leo," mchukuzi akaniambia.

"Mbili," Mzee Katana akasema. "Ya tatu inaendelea. Kaa, Bi Zuhura. Agiza chai, naona midomo imekauka."

Nikamweleza yote, vipande kumi na sita, makapu mawili, karatasi mbili, Athmani. Alisikiliza mkono mmoja ukiwa juu ya ubao ili mchukuzi asisogeze kitu. 

"Umewagawia juzuu," akasema.

Sikuwa nimemtajia khitma.

"Siku ya matanga ya mamako nilikaa barazani nikasikia mnavyosoma. Nikasema moyoni, hii ndiyo kazi iliyogawanyika vizuri kuliko zote nilizoziona. Mwenye juzuu ya tano hamhitaji wa sita. Akimaliza anakwenda kunywa kahawa yake na hakuna anayemkosa. Siyo?"

"Ndivyo."

"Sasa maji, Bi Zuhura. Kiraba cha tano kinamuuliza nani?"

"Cha sita."

"Na wa sita ameshamaliza, yuko jikoni anakunywa kahawa. Wa tano anagonga mlango: maji yako yako wapi? Anajibiwa na nani?"

"Anajibiwa na namba ya mwisho aliyoiacha."

"Namba ya zamani. Na leo anatangulia kuondoka huyu, kesho yule, ndiyo maana kila ukiuliza unapata jibu jingine. Maji hayasomi yakamaliza. Yanaulizana mpaka wote wanyamaze. Hakuna anayemaliza peke yake."

Nilijua kwamba ni kweli kabla hajafika mwisho. Kilichoniuma ni kwamba ningeweza kujua mwenyewe, kama ningeuliza lile swali lake la kila siku, nani anamngojea nani.

"Basi haigawanyiki," nikasema.

"Nani kasema?" Akamtazama mchukuzi. "Ndugu yangu, niwie radhi, huu mchezo umeisha. Umenifunga."

"Mara tatu," mchukuzi akasema.

Akavikusanya vifuniko vyote akavipanga upya, vyeusi juu ya viraba vyeusi, vya chungwa juu ya viraba vyeupe, mpaka pembe moja ya ubao ikajaa. Akaweka kidole juu ya kimoja cheusi.

"Jirani zake wanne, wa mbele, nyuma, kulia, kushoto. Wa rangi gani?"

"Wa chungwa wote."

"Na huyu?"

"Wa chungwa wote."

"Kwa hiyo weusi wote wakirekebishwa kwa mara moja, hakuna mweusi anayemuuliza mweusi mwenzake. Wanawauliza wa chungwa, na wa chungwa wamesimama kimya. Weusi wakimaliza wote, wao wanasimama, wa chungwa wanakwenda. Wape prosesa zako kumi na sita weusi wote wagawane watakavyo. Lakini hakuna wa chungwa anayenyanyua mguu kabla mweusi wa mwisho hajamaliza, na hakuna anayetoka ubaoni mpaka wote watulie. Mimi sikuwa na prosesa zaidi ya moja, ndiyo maana sikuiandika hivyo. Lakini nilishaifikiri, nikicheza hapa."

Basi la Voi likapiga honi. Hakugeuka.

"Utaweza kuiandika na kuipima kabla ya Alhamisi?" akaniuliza.

"Naweza."

Akanitazama.

"Kuiandika naweza," nikasema. "Kuipima siwezi."

Akatoa tiketi mfukoni, akampa mchukuzi akaibadilishe iwe ya siku nyingine. "Ile mashine yangu mmeitupa?" akauliza.

*

Jumatano asubuhi niliingia kwa meneja. Mzee Katana alikuwa getini, askari anamwandikisha katika daftari la wageni, yeye aliyefanya kazi mle tangu askari huyo hajazaliwa.

"Wiki iliyopita ulikuwa hapa unakula sambusa ukisema iko sawa," meneja aliniambia.

"Nilikula mbili."

"Na leo?"

"Leo nasema karatasi yenye jina langu isitumike. Irudishwe mashine ya zamani, na meli isubiri nje mpaka tupate jibu."

"Bi Zuhura, nikiandika kwamba meli imesubiri kwa sababu mashine mpya haijui kuhesabu, wote wanajua mashine ililetwa na mimi."

"Mashine haina kosa. Andika kwamba Zuhura hakujua kuigawa kazi. Ndiyo kweli yenyewe."

Alizungusha kalamu vidoleni. Nilikuwa namwelewa. Nami nilikuwa na jina, la miaka mingi, na nilikuwa naliweka mezani kwake bila kujua atalifanyia nini. Nilimwomba Mungu anipe subira.

"Ibebwe," akasema mwishowe.

Wanaume wanne waliitoa varanda. Ndani yake mjusi alikuwa ametaga mayai, na Mzee Katana aliyatoa moja moja kwa kipande cha karatasi ngumu, akayaweka kwenye chungu cha maua. Saa mbili na nusu tuliiwasha. Tukakaa viti viwili mbele yake kama watu wanaongoja daktari. Saa tatu nzima. Yeye alisinzia. Mimi nilileta istighfari kwa vidole, maana tasbihi niliisahau nyumbani.

Saa tano na nusu karatasi ikatoka. Kwenye kona, saa tatu ya Alhamisi, maji yasingetosha. Yangetosha saa nne kasorobo. Karatasi aliyokuwa nayo Athmani ndiyo iliyokuwa mbaya. Nikaiendesha tena, saa tatu nyingine, na jibu likawa lilelile mpaka tarakimu ya mwisho. Hapo ndipo nilipotia sahihi.

Alhamisi nilirudi nyumbani kabla ya adhuhuri. Nikasali, nikapika, sikumbuki nilipika nini. Adhuhuri ikapita. Kisha nikasikia mlango wa chini, na miguu yake kwenye ngazi, polepole, kwa kuwa hata wakati ule ngazi zilikuwa ishirini na mbili.

"Maji yalikuwepo," akasema.

Akavua viatu, akaketi, akanywa maji. Baadaye sana, ameshakula, akaongeza: "Saa tatu nilipita pale na boti kupima. Hayakuwepo." Hakulitaja jambo hilo tena maisha yake yote ya kazi.

*

Kuiandika upya kwa ubao wa dama kulichukua miezi mitano. Mzee Katana alinisaidia kwa simu kutoka Voi, akinisomea mistari kutoka kichwani. Haikuwa dakika kumi na mbili tena. Ilikuwa ishirini na tano, kwa kuwa weusi walilazimika kuwangoja wa chungwa, na prosesa iliyo nzito ndiyo inayoamua lini wengine waendelee, kama vile msomaji wa taratibu kuliko wote anavyoamua saa ya dua. Ishirini na tano nilizikubali kwa shukrani. Niliiendesha kwa prosesa moja, kisha mbili, kisha tatu, kisha saba, kisha zote, mara mia kila moja, na kila jibu nikalipeleka mbele ya zile karatasi zilizofungwa kwa uzi. Ndipo nikajua zilihifadhiwa kwa nini.

Mzee Katana alifariki miaka michache baadaye. Tulimzika Rabai. Kwaya yao iliimba sauti nne kwa pamoja, kila sauti na njia yake na zote zikingojana mwisho wa mstari, na nilifikiri angependa nimwambie jambo hilo. Nilimwombea kimya kwa lugha ya dua zangu.

Sasa nyinyi mna prosesa maelfu. Sina la kuwafundisha juu yake, nimechoka na mashine zenu sizijui. Nawaomba mambo machache. Msiguse kitu kabla hamjaziweka karatasi zenye majibu ya leo mahali ambapo hamtazipoteza. Endesheni mara nyingi, si mara moja. Tofauti ndogo iulizeni jina lake, wala msiipe jina nyinyi. Na kabla ya kugawa, chukueni ubao na vifuniko vya soda, muulizane kwa sauti nani anamngojea nani. Mkionekana wajinga, mtakuwa mnafanya kazi vizuri.

Pamoja na barua hii kuna zile karatasi mbili za Alhamisi, yake na ya mnarani. Nilizihifadhi katika sanduku la juzuu, chini ya makapu. Zibandikeni ukutani.

Mtakuwa mmeshaelewa Rukia anafanya kazi gani. Mwaka huu amepewa leseni yake, na karatasi zenu ndizo atakazopanda nazo ile ngazi ya kamba. Babake siku hizi anakaa chini kwenye kiti cha kamba, macho hayamsaidii. Siku ya meli mimi niko juu na yeye yuko chini, na hatusemezani. Tunasikiliza mlango, tukimngoja yule mtoto aingie aseme, viatu bado viko miguuni, maji yalikuwepo.